Nimekuja Dar kufundisha utoaji wa usingizi, najikuta naziba mapengo ya zamu

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni daktari bingwa wa usingizi kutoka Mombasa, na kwa sasa niko Dar es Salaam nikijitolea kufundisha katika hospitali moja ambayo naomba nisiitaje, kwa sababu watu wake wamenipokea kwa ukarimu na sipendi barua hii isomwe kama shutuma dhidi yao. Usajili wangu wa muda katika Baraza la Madaktari Tanganyika ulikamilika kabla sijavuka mpaka, kibali cha kuishi ninacho, na ninatarajiwa kuwa hapa hadi mwisho wa mwaka. Wanafunzi wangu ni wauguzi na matabibu waliosomea utoaji wa dawa za usingizi na ganzi, pamoja na madaktari vijana walio katika mafunzo kwa vitendo.

Kabla ya safari niliandaa masomo kwa uangalifu mkubwa: namna ya kulinda njia ya hewa, ganzi ya mgongo kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, matumizi ya damu, na mengineyo. Masomo mengi niliyajenga juu ya mashine inayopima hewa ya ukaa anayoitoa mgonjwa, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa mimi kuhakikisha kwamba mpira wa kupumulia umeingia kwenye koo la hewa na haukuingia kwenye umio. Muuguzi mfawidhi alinikaribisha kwa kuniambia mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha akanitembeza thieta. Nikakuta mashine ya usingizi inayotumia halothani, dawa ya zamani ya usingizi anayoivuta mgonjwa kwa pumzi, kipima oksijeni kimoja kinachohama kati ya meza mbili, mashine ya kuzalisha oksijeni, na mitungi miwili, mmoja ukiwa mtupu. Mashine niliyoitegemea haikuwapo.

Hilo ningeweza kulikabili. Lililonishinda ni hili. Asubuhi niliyopaswa kuanza kufundisha niliambiwa kwamba mtoa usingizi mmoja amefiwa, mwingine yuko likizo ya uzazi, na kuna akina mama wanaosubiri kufanyiwa upasuaji wa kujifungua. Niliombwa nisaidie, nikasaidia kwa moyo wote. Tangu siku hiyo jina langu limeingia kwenye ratiba ya zamu kama la mtumishi yeyote. Wanafunzi wakiniona nimekaa kwenye kichwa cha mgonjwa, wanahesabu kwamba meza ile imepata mtu, nao wanakwenda kwenye kazi nyingine zinazowasubiri, au wanakwenda kupumzika baada ya kukesha. Siwezi kuwaita wavivu, kwani nimewaona wakitoka zamu ya usiku na kuunganisha na ya asubuhi. Lakini sifundishi. Nikikataa zamu, mama ambaye uchungu wake umekwama atasubiri huku mtoto akichoka tumboni. Nikikubali, mwezi wa 12 nitarudi nyumbani bila kumwacha mtu hata mmoja aliyejifunza kitu kwangu.

Jambo la pili linamhusu muuguzi mwandamizi wa idara, mama mtu mzima ambaye ametoa usingizi tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Namwamkia kila asubuhi, naye huniitikia kwa upole. Hata hivyo, ana mazoea ya kuzima sauti ya kipima oksijeni, na baada ya kuchoma ganzi ya mgongo hupima presha mara moja, kisha hukaa kwa muda mrefu kabla ya kuipima tena. Hivi karibuni mama mmoja alianza kutapika na kusema anaona giza; tulipopima, presha ilikuwa imeshuka vibaya. Tulimwinamisha ubavu wa kushoto, tukaongeza dripu, tukampa efedrini, dawa ya kupandisha presha, na ashukuriwe Mungu, yeye na mwanawe wakatoka salama. Upasuaji ulipokwisha nilieleza mbele ya wote jinsi presha inavyopaswa kufuatiliwa. Wote waliitikia, "Sawa, Daktari." Siku iliyofuata mambo yalikuwa vilevile.

Nimejaribu pia kuanzisha darasa la jioni. Kijana mmoja aliniuliza kwa adabu kama kuna posho, nikamjibu kwamba sina. Waliohudhuria walikuwa wachache mno.

Naomba unishauri. Je, nianze kukataa zamu? Nimkabili vipi huyu mama bila kumvunjia heshima? Wenzangu wa Mombasa wako tayari kuchanga fedha ili tununue vifaa, je, nikubali? Na taasisi iliyonileta inataka taarifa yangu ya mwanzo. Niandike yote niliyoyaona, au ninyamaze?

Wako,
Daktari Mgeni, Dar es Salaam


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikitoa usingizi katika thieta za jiji hili na kuwafundisha wengine kuutoa, na kwa miaka hiyo nimewapokea wageni wengi waliokuja na nia kama yako. Kwa hiyo sitakujibu kwa maneno ya kukufariji tu. Swali lako lina uzito kwa wagonjwa ambao bado hawajafika hospitalini.

Nitaanza na zamu, kwa sababu mengine yote yanategemea hilo. Shirikisho la dunia la vyama vya wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa fani hii kwa kila watu 100,000, na nchi zetu za Afrika Mashariki hazifikii hata mmoja. Mwaka 2015, tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji na usingizi ulio salama pale wanapouhitaji. Upungufu wa namna hiyo hauzibwi na mikono miwili, hata iwe hodari kiasi gani. Ukikaa kwenye kichwa cha mgonjwa kila siku hadi mwezi wa 12, utakuwa umewahudumia wagonjwa wengi na watakushukuru, lakini juma la kwanza baada ya wewe kuondoka ratiba itakuwa na pengo lilelile, pengine kubwa zaidi, maana hospitali itakuwa imezoea kukutegemea.

Hata hivyo, sikushauri ukatae zamu. Mgeni anayekataa kumsaidia mama aliye mezani kwa sababu yeye "amekuja kufundisha" hatasikilizwa tena na mtu katika idara ile, na mimi nisingewalaumu. Ninachokushauri ni kubadilisha namna unavyoikubali. Kuanzia sasa, kila unapoombwa kushika meza, jibu lako liwe ndiyo, kwa sharti moja: mwanafunzi mmoja anakaa kwenye kichwa cha mgonjwa na wewe unasimama pembeni yake. Si mwanafunzi wa kutazama, bali wa kutenda. Yeye ndiye anayekagua mashine, anayempa mgonjwa oksijeni kwa dakika 3 kabla ya dawa, anayechora fomu ya usingizi, na anayemweleza daktari wa upasuaji kwamba sasa anaweza kuanza. Mikono yako uiweke nyuma ya mgongo. Ni jambo gumu kwa bingwa kumwona mwenzake akihangaika na laringoskopu, kile kifaa cha kutazamia njia ya hewa, huku yeye angemaliza kwa pumzi moja, lakini huko kuhangaika, maadamu mgonjwa ana oksijeni ya kutosha, ndiko kujifunza kwenyewe. Kubalianeni kabla ya kuanza ni wakati gani utaingilia: kwa mfano, oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94 unasema, ikiendelea kushuka unasogea, na ikikaribia 90 unachukua usukani bila kuomba ruhusa. Mwanafunzi akijua mpaka uko wapi, hataona fedheha utakapoingia, wala hatakuogopa kabla ya wakati wake.

Sharti hilo usilitoe thieta, mbele ya watu, wakati machela imeshaingia. Mwombe mganga mfawidhi akupe nusu saa, uende pamoja na mkuu wa idara, na mwandike ukurasa mmoja: siku zipi unafundisha mezani, nani anakuwa nawe, na ni dharura ya aina gani itakayokutoa kwenye ratiba hiyo. Katika hospitali zetu jambo lililosemwa tu humezwa na zamu ya usiku, ilhali lililobandikwa ubaoni likiwa na sahihi ya mfawidhi hudumu. Ongeza hapo jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa, ila naliona nyuma ya hicho kipima oksijeni kinachohama: mtu mmoja asishike meza mbili kwa wakati mmoja. Viwango vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho nililolitaja vinasisitiza kwamba mtoa usingizi aliyefunzwa awe na mgonjwa wake muda wote, tangu anapolala hadi anapozinduka. Kama watu hawatoshi, ni afadhali upasuaji usio wa dharura usogezwe mbele kuliko mgonjwa wa meza ya pili kuachwa na mashine. Hili ni jambo ambalo wewe, mgeni na bingwa, unaweza kulisema mbele ya mfawidhi kwa urahisi kuliko muuguzi anayemtegemea kwa barua ya likizo.

Sasa tumzungumzie huyo mama, kwa kuwa naamini yeye ndiye ufunguo wa kazi yako yote, na ndipo ninapotofautiana nawe kidogo. Umemwona kama kikwazo kinachohitaji kushughulikiwa kwa heshima. Mimi namwona kama mwalimu wa idara ile. Alikuwa akifundisha kabla hujafika, na ataendelea kufundisha ukishaondoka, kwani kila kijana anayeingia pale humtazama yeye ili ajue kazi inavyofanyika. "Sawa, Daktari" uliyoisikia siku ile haikuwa makubaliano. Katika utamaduni wetu mkubwa akisahihishwa mbele ya wadogo zake, wote huitikia ili jambo lipite na uso wake usalimike. Kisha huendelea kama zamani, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa kubadilika palepale kungekuwa kukiri mbele ya wote kwamba alikuwa anakosea.

Nenda kwake peke yako. Si ofisini, na si siku yenye orodha ndefu. Kaa naye wakati wa chai ya saa nne, mwamkie kama ulivyozoea, kisha mwombe akusimulie kuhusu halothani. Nasema halothani kwa makusudi. Dawa hiyo ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956, na wenzenu mliosoma miaka ya karibuni mmeizoea zaidi isoflureni na sevoflureni, kwa hiyo uzoefu wake juu ya namna inavyopunguza mapigo ya moyo, inavyofanya mapigo yaruke daktari wa upasuaji anapochoma adrenalini kwenye kidonda, na inavyochelewa kumwachilia mgonjwa, una faida ya kweli kwako. Muulize pia anavyotambua kina cha usingizi kwa kutazama pumzi, mboni na machozi. Nimewafahamu watoa usingizi wa kizazi chake ambao walijua mgonjwa amebadilika kabla mashine haijasema lolote. Elimu hiyo inapotea, na wanafunzi wako wanaihitaji, hasa umeme unapokatika.

Baada ya kumsikiliza, ndipo umuulize sababu ya kuzima kengele. Uliza kwa nia ya kujua, maana sababu huwa ipo. Pengine daktari wa upasuaji alilalamika kwamba sauti inamsumbua. Pengine kile kishikizo cha kidoleni kimechoka, kikilia kila mgonjwa anapotikisa mkono, hata watu wakaacha kukiamini. Na hapa Dar, kama kwenu Mombasa, kuna sababu nyingine ambayo vitabu vingi haviitaji: bibi harusi au mzazi aliyepakwa piko nyeusi kwenye vidole na kucha. Rangi ile inaweza kuzuia mwanga wa kipimo usipite, kikatoa namba ya uongo au kikakataa kabisa kusoma, na kengele ikalia bila sababu ya kweli. Dawa yake ni kuhamishia kishikizo kwenye kidole kisichopakwa au kwenye ndewe la sikio. Ukilitatua tatizo lake hilo dogo, utakuwa umepata ruhusa ya kumwomba jambo kubwa, yaani sauti ibaki imewashwa, kwa sababu ule mlio hushuka pamoja na oksijeni, na sikio husikia hatari hata wakati macho na mikono vinashughulika na dripu.

Kuhusu presha baada ya ganzi ya mgongo, usimpe mhadhara. Mpe kazi. Mwombe yeye awafundishe vijana, nawe ukiwa msaidizi wake, utaratibu mfupi mtakaoukubali nyinyi wawili: presha ipimwe kila dakika moja au mbili tangu dawa inapoingia hadi mtoto anapotoka na hali inapotulia, na baada ya hapo isipite dakika 5 bila kupimwa, mama awekewe kanga iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia mara tu anapolazwa, ili tumbo liinamie kushoto na lisibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, efedrini iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano na kuandikwa jina kabla ya ganzi, si baada ya mama kuanza kutapika. Mweleze kwamba kichefuchefu na kuona giza mara nyingi ndizo dalili za kwanza za presha kushuka, kwa hiyo mama anayelalamika anaitoa habari mapema kuliko kipimo. Yeye amewaona akina mama wengi wa namna hiyo kuliko wewe, na akishalifundisha jambo kwa kinywa chake hatakuwa na haja ya kulikwepa. Vijana nao watalifuata kwa sababu limetoka kwake.

Mnaweza kuliambatanisha hilo na orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile yenye sehemu tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Najua katika hospitali nyingi orodha hiyo imebandikwa ukutani na haisomwi, na watu huidhani ni karatasi ya wazungu. Waambie ilikotoka. Ilipojaribiwa kabla ya matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009, ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro, hapahapa Tanzania, sambamba na London, Seattle na Toronto. Kwa jumla ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wataalamu wa Morogoro walishiriki kuithibitisha. Mtoa usingizi wa Dar akiisoma kwa sauti, anasoma kitu kilichopimwa kwa wagonjwa wa nchini mwake.

Posho nitaipitia kwa haraka. Yule kijana aliyekuuliza hakukukosea adabu. Mtumishi aliyekesha, anayeishi Chanika au Mbagala na anayelipa nauli mbili hadi tatu kufika nyumbani, ukimbakiza jioni unamgharimu fedha na usingizi, na semina za miaka mingi zimemfundisha kwamba gharama hiyo hulipwa. Usianze kulipa kutoka mfukoni mwako, kwa kuwa atakayekuja baada yako hataweza kuendeleza. Acha darasa la jioni. Fundisha ndani ya saa za kazi, robo saa kabla ya orodha kuanza, juu ya mgonjwa wa kwanza wa siku hiyo, na mezani kama nilivyoeleza. Mwombe mkuu wa idara aangalie kama vipindi hivyo vinaweza kuandikishwa katika mafunzo endelevu ambayo mabaraza yao ya taaluma huyahesabu. Hilo lina thamani kwao wanapohuisha leseni.

Kuhusu fedha za wenzako, pokea nia yao lakini usinunue kitu kwanza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye kipato kidogo havifanyi kazi, na sehemu ya vifaa hivyo ni misaada ya watu wema. Mtafute fundi wa vifaa tiba wa hospitali, uingie naye stoo. Mara nyingi utakuta vipima oksijeni viwili au vitatu ambavyo mwili wake ni mzima na kilichokufa ni waya na kishikizo cha kidoleni tu. Michango ya wenzako ikinunua vishikizo vinavyooana na mashine hizo, pamoja na vya akiba, meza ya pili itapata kipimo chake kwa gharama ndogo. Kama mashine hazipo kabisa, lipo shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya kazi hiyo hasa, na vipimo vyake hutumia betri inayochajiwa. Maombi yapitie kwa mfawidhi, si kwako. Baada ya hapo ndipo ufikirie mashine ya kupima hewa ya ukaa. Ninakubaliana nawe kabisa kwamba inahitajika, na sitaki ujizoeze kuona ukosefu wake kuwa jambo la kawaida. Hadi itakapofika, fundisha wanachoweza kukifanya leo: kuuona mpira ukipita katikati ya nyuzi za sauti, kusikiliza kifua pande zote mbili na tumbo, kutazama kifua kikipanda, na zaidi ya yote, kutokuwa na aibu ya kuutoa mpira na kurudi kwenye barakoa na mfuko wa kupumulishia pale wanapokuwa na shaka. Dalili hizo zinaweza kudanganya, shaka isipuuzwe.

Na huo mtungi mtupu uujaze wiki hii. Mashine ya kuzalisha oksijeni huvuta hewa ya kawaida na kuichuja, na bila umeme haitoi kitu. Chagua siku isiyo na wagonjwa wengi, mfanye zoezi la kukatika kwa umeme: nani anafungua mtungi, spana iko wapi, nani anashika tochi, nani anaendelea kumpumulisha mgonjwa kwa mkono hadi jenereta iwake. Nimeona vijana wakijifunza mengi kwa zoezi moja la namna hiyo kuliko kwa mihadhara ya mwezi mzima, kwa sababu wote huwa wanajua kwamba siku yenyewe itafika.

Ama taarifa, iandike, wala usinyamaze. Mgonjwa aliyenusurika ana haki ya kuwa somo kwa wengine. Lakini tenganisha mambo mawili. Yanayohusu mfumo, yaani upungufu wa watu, meza mbili kwa mtu mmoja, kipimo kimoja, mtungi mtupu, yaeleze waziwazi, kwa kuwa taasisi iliyokuleta inaweza kuyafikisha panapohusika. Yanayohusu mtu mmoja mmoja, yamalize ndani ya idara kwanza, katika kikao cha kujadili matukio ambapo hatajwi mtu kwa jina na swali linaloulizwa ni nini kilitokea na nini kifanyike, si nani alaumiwe. Kama kikao hicho hakipo, kukianzisha pamoja na mkuu wa idara ni kazi inayokustahili kuliko somo lolote uliloliandaa Mombasa. Endapo, baada ya mazungumzo hayo yote, mtu ataendelea kumhatarisha mgonjwa kwa kujua, hapo lipeleke jambo hilo kwa mfawidhi bila kusita, maana heshima kwa mkubwa haiwezi kulipwa kwa uhai wa mzazi.

Taarifa ikishakamilika, mpe yule mama nakala aisome kabla hujaituma. Kama kuna sehemu ataikataa, kaeni muijadili. Huenda akawa na maelezo ambayo wewe, kwa ugeni wako, hukuyapata. Na katika sehemu inayouliza nani ataendeleza mafunzo baada yako, andika jina lake, ikiwa mwenyewe ataridhia.

Mshauri wako